Gauni la Rangi ya Maji

Fundi wa fremu alikuwa amefika katikati ya kioo, kisu cha almasi kimesimama wima mkononi kama kalamu, mtu alipomgonga kiwiko. Kisu kiliteleza. Mstari ukaenda kombo hadi pembeni, na kioo kikatoa ule mlio mdogo ambao kila fundi anaujua na hakuna anayeupenda.

"Hapana," alisema bila kugeuka.

"Samahani sana, dada. Nimesukumwa."

Alikuwa anasema kweli. Ilikuwa wiki ya mahafali, na karakana ile iliyobanwa kati ya duka la fotokopi na kinyozi ilikuwa imejaa wazazi walioshika vyeti vya watoto wao kwa mikono miwili, kama trei za mayai. Kila mmoja alitaka fremu ya dhahabu, na kila mmoja aliitaka leo. Aliyesukumwa alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lisilojua pasi, sanduku la bati kifuani, na doa la buluu kwenye sikio la kushoto.

"Umesukumwa na nani?"

"Na huyu mama."

"Mimi?" mama mmoja akang'aka. "Kijana, usinitafutie kesi. Cheti hiki unachokiona ni cha sheria, na mwenyewe yupo hapo nje."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, ingawa kioo kilikuwa kimeharibika.

"Kilikuwa cha yule mzee mwenye kofia," alimwambia yule mwanamume. "Nenda ukamwambie wewe mwenyewe."

Akaenda, akamwambia. Kisha, badala ya kujificha nyuma ya foleni, akakunja mikono ya shati akaanza kupanga watu: wanaochukua upande huu, wanaopimisha upande ule. Ilipofika saa kumi karakana ilikuwa nyeupe, foleni imekwisha.

"Haya, na wewe shida yako nini?"

"Nina picha kumi na mbili."

Fundi akachana utepe wa karatasi, akaubandika juu ya sanduku. "Niandike nani?"

"Andika unavyoniona."

Akalitazama lile sikio, akaandika: *Rangi*. Jina likamganda.

Baada ya hapo zikaanza simu.

"Fundi, umekula?"

"Unaulizia tumbo langu au fremu zako?"

"Tumbo kwanza. Fremu nitazisingizia baadaye."

"Basi sijala. Na fremu bado."

Rangi alikuwa akifika na maandazi ya moto kwenye gazeti, akikaa kwenye kigoda na kumsomea vipimo huku yeye akikata mbao. Fundi hakuwa mwepesi wa kupenda. Alimchunguza kama anavyochunguza ubao kabla ya kuukata, akiutazama kwa jicho moja kuona kama umepinda. Alimwona hakupinda. Mwezi wa pili alimruhusu amshike mkono barabarani. Mwezi wa tatu alikuwa akimwita mpenzi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Zile picha Rangi alizipata pale ofisi moja ya zamani ya serikali ilipobomolewa na wavunjaji wakawa wanatupa makabati. Zilipigwa wakati wa ukoloni. Kila picha ilikuwa na mtu mmoja mbele ya shuka jeupe, bila nguo, kibao chenye namba kifuani na rula ndefu kando ya kichwa. Mgongoni mwa picha paliandikwa kwa wino namba, umri wa kukisia, upana wa kichwa, upana wa nyonga, hali ya meno. Jina halikuandikwa popote.

"Nitaziita Waliopimwa," Rangi alisema. "Watu waje wazitazame, walie, wapone."

"Watu gani?"

"Sisi sote, mpenzi."

Fundi akarudi kwenye mbao zake.

Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alimletea chakula cha mchana kila siku karakanani. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na mtu wa utani.

"Shikamoo, Bibi," Rangi alikuwa akimwamkia.

"Marahaba, mume wangu. Huyu mke mwenzangu anakulisha, au umekuja kwangu?"

Siku moja alikuta picha namba thelathini na moja juu ya meza, ikingoja kupimwa. Akaweka chakula chini, akavaa miwani.

"Huyu ni mimi," alisema, kama mtu anayeonyesha koti lake kwenye msumari.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Waliitwa kutoka darasani, wakaambiwa ni uchunguzi wa afya. Mwenye rula alikuwa na mikono ya baridi na hakusema naye neno hata moja. Alisema na karani tu, naye karani akaandika. "Babu yako amekufa hajui," alimwambia mjukuu wake. "Mama yako amekufa hajui."

Rangi akalia. Bibi akampa leso yake. "Usilie wewe. Na mimi nikianza, chakula kitapoa."

Alipoulizwa kama picha ichomwe, alivua miwani, akasema, "Iwekeni na wenzake. Ila mimi nisimame nimegeuka. Waone walichoandika. Mimi wameshaniangalia vya kutosha."

Basi Fundi aliifunga hivyo. Uso wa picha aliulaza ndani, ukielekea ubao, na mgongo wenye wino akauelekeza kwenye kioo. Nyuma ya fremu akabandika karatasi ya kaki na kugonga misumari midogo pande zote, kwa umbali sawa. Rangi alisimama pembeni, mkono kifuani.

"Nakuahidi, Bibi. Hakuna atakayeigeuza."

Alasiri ile ile akampigia Fundi simu. "Siku ya ufunguzi wa maonyesho, watu wakishaondoka, nina jambo la kuzungumza na Bibi."

"Jambo gani?"

"La wakubwa."

"Kwani mimi mtoto?"

"Wewe ndiye jambo lenyewe."

Fundi alikata simu, akakaa chini kati ya vipande vya mbao, akicheka peke yake.

Zikiwa zimebaki siku nne, msimamizi wa jumba la maonyesho alipita akikagua. Aliupenda ukuta wote, akasimama mbele ya thelathini na moja.

"Hii ni karatasi yenye wino. Nani atasimama hapa?"

"Ndivyo mwenyewe alivyotaka," Rangi akajibu.

"Wageni wanakuja kuchagua kazi za kupeleka nje, miji mitatu. Hawatachagua mgongo wa picha. Nataka uso."

Siku ya kwanza Rangi alikataa. Siku ya pili alikataa kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya tatu aliibeba fremu hadi chumbani kwake, akaipasua ile karatasi ya kaki kwa wembe, akaigeuza picha. Binti alimtazama. Hakuweza kumwacha vile. Akachukua brashi nyembamba na rangi ya maji, akamvalisha gauni refu la buluu, lenye mikono hadi viganjani na maua meupe kifuani. Ni haki kusema kwamba alilichora kwa mapenzi, na kwamba mkono wake haujawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Alipokuwa akichora aliamini kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtendea Bibi wema kama huo. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na kikombe cha maji ya brashi.

Jumamosi ya ufunguzi, saa tisa alasiri, Fundi alivaa gauni la kijani kibichi lililombana kiunoni, na hereni ndogo. Bibi alivaa nyeupe tupu na kujitanda shali. Ukumbi ulinukia sakafu iliyotoka kupigwa msasa. Rangi aliwaona kutoka mbali, shati lake siku hiyo limenyooka kwa pasi, akawapungia mkono huku akizungukwa na watu.

Walitembea polepole, picha hadi picha. Mbele ya thelathini na moja walikuta umati, na simu zimeinuliwa juu.

Fundi aliona gauni kwanza. Kisha, kwa kuwa ni fundi, akaona jambo ambalo mwenye brashi hakuliona: taa ya ukumbi ilikuwa kali, na rangi ya maji ni nyepesi. Chini ya taa ile, nyuma ya kioo kile alichokikata mwenyewe, gauni lilikuwa kama moshi. Kila kilichokuwa chini yake kilionekana.

Aligeuka kumkinga Bibi. Bibi alikuwa ameshaona.

Kijana mmoja wa kike, bila ubaya wowote, aliiinua simu yake akapiga. Bibi akavuta shali hadi shingoni, akaishika pale, kwenye ukumbi wenye joto.

"Mama," Bibi alimwambia mjukuu wake. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nipeleke nyumbani."

Rangi aliwafuata hadi kwenye ngazi. "Bibi! Nilimvalisha. Umeona? Nilimvalisha."

Bibi hakusimama.

Usiku huohuo Fundi alipokea simu yake mara moja tu.

"Nilitaka iwe furaha ya ghafla kwenu," Rangi alisema.

"Nani alikwambia avalishwe?"

"Mpenzi, nisikilize."

"Usiniite hivyo. Yule mwenye rula alimvua bila kumuuliza. Wewe umemvalisha bila kumuuliza. Na uliahidi. Nilikuwepo."

"Niambie nifanye nini."

"Huna cha kuniuliza leo. Wakati wa kuuliza ulikuwa kabla ya kushika brashi."

Akakata, akalifungia lile jina lisimpigie tena. Asubuhi alifungua karakana kama kawaida. Alikata, akabandika, akagonga. Watu walimsifu kwamba siku hizi anamaliza kazi mapema. Bibi aliacha kuleta chakula, si kwa hasira, ila alisema hapendi kupita mtaani. Kila aliyeshika simu, Bibi alimwona kama anamtazama yeye. Hilo ndilo lililomchoma Fundi kuliko mapenzi yaliyovunjika: kwamba mtu ambaye yeye mwenyewe alimkaribisha amemfunga bibi yake ndani ya nyumba.

Wiki ya tatu alimbembeleza Bibi atoke. Bibi akakubali, akaja kwa njia ya nyuma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimenya chungwa, Rangi alipotokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Kwapani alishika kifurushi na daftari kubwa lenye jalada jekundu.

Fundi akaweka nyundo chini. "Toka."

"Mwache aseme," Bibi akasema. "Kisha atatoka."

Rangi akaweka kifurushi miguuni pa Bibi. Ilikuwa picha ya Bibi, nje ya fremu. Alikuwa ameitoa ukutani Jumatatu baada ya ufunguzi; msimamizi alisema ama zote kumi na mbili ama hakuna, na wale wageni wakachagua kazi za mtu mwingine. Hayo hakuyasema mpaka Fundi alipomuuliza.

Bibi aliitazama picha bila haraka.

"Maua," alisema. "Mimi sijawahi kuvaa maua, hata siku ya harusi yangu."

"Sikujua, Bibi."

"Hukuniuliza." Akaigeuza kifudifudi mapajani. "Na zile zilizomo kwenye simu za watu?"

Rangi akafungua daftari. Lilikuwa la wageni wa ufunguzi, wote mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na namba yake. Alikuwa amewapigia simu tisini na sita. Sabini na mmoja wamefuta mbele ya masikio yake, kumi na wanne hawakupiga picha, kumi na mmoja wamekataa au wamemtukana. Kila jibu aliliandika kwa penseli kando ya jina.

"Unawaambiaje?" Fundi aliuliza.

"Kwamba kosa ni langu, si lao."

"Piga mmoja, nisikie," Bibi akasema.

Akapiga, sauti nje. Akajibu mwanamume mwenye furaha. "Yule binti wa gauni? Bwana, hiyo ndiyo niliipenda kuliko zote! Nimeiweka mbele kabisa kwenye simu."

"Naomba uifute, kaka. Mwenyewe hakuniruhusu."

"Mwenyewe? Kwani yu hai?"

"Yu hai. Nimekaa naye hapa."

Zikasikika hatua upande wa pili. Mlango ukafungwa huko, kelele za watu zikapungua. "Ngoja... Nimefuta. Mwambie nimefuta. Mwambie mimi nina mama."

Bibi akalisukuma pembeni ganda la chungwa. "Mwambie ahsante," alisema.

Rangi akaandika alama yake ya penseli, akabaki ameinama juu ya daftari. Kisha akasema, bila kumtazama Fundi, "Lile la furaha ya ghafla lilikuwa uongo. Sikukupigia kwa sababu nilijua ungesema hapana. Nilijua kabisa."

Fundi alikuwa amelijua hilo wiki zote tatu. Lakini kulisikia kutoka kwenye kinywa chake kulikuwa jambo jingine. Liliuma zaidi, na kwa mara ya kwanza halikumchanganya.

"Usidhani hii ndiyo njia ya kurudi," alisema.

"Sidhani."

"Na lile jambo la wakubwa, usilitaje."

"Sitalitaja."

Akafuta vumbi la mbao mikononi kwa aproni, akavuta kigoda cha pili, akakiweka upande wa pili wa meza. "Nipe ukurasa mmoja. Wale waliokutukana, kuanzia na huyu wa kwanza. Watanitukana na mimi tuone."

Bibi alimtazama kijana, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. "Wewe, tulia. Sijasema nimesamehe. Nimesema uendelee."

Walipiga hadi kinyozi alipofunga. Wengine walifuta, wengine walitaka kwanza kusimuliwa, na mama mmoja alimtukana Fundi vizuri kabisa, kisha dakika kumi baadaye akapiga mwenyewe kusema amefuta. Sauti zilipokauka, zilikuwa zimebaki namba mia moja na sita.

Fundi akachomeka penseli penye mwisho wa kazi, akalifunga daftari.

"Libaki hapa," alisema. "Kesho saa tatu. Tunaanza na huyu wa mwandiko wa kubana, sijui ni nane au sifuri."

"Tutajaribu zote mbili," Rangi akasema.

Akaondoka kwanza, kama alivyoambiwa. Bibi akaifunga picha ndani ya shali yake, uso ukielekea kifuani pake, akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele.