Usonji wa Ukubwani

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa saa ya watu kutoka kazini, imejaa pomoni. Msusi mmoja, mjane mwenye gauni la zambarau, alibanwa kwenye kona huku wenzake wakipiga mayowe. Ndipo sauti ya mwanamume ikasikika nje ya mlango, tulivu kabisa.

"Kamba haijakatika. Kilichogoma ni swichi ya mlango. Anayepiga ukuta aache, hasaidii chochote."

Msusi akacheka. Alipotolewa, alimkuta fundi wa makamo, ovaroli imepigwa pasi vizuri, anamtazama sikio badala ya macho.

"Asante, baba. Umetuokoa."

"Hamkuwa hatarini." Akafikiri kidogo. "Gauni lako ni zuri."

Mapenzi yakaanzia hapo. Fundi hakujua kubembeleza, lakini hakumwongopea hata siku moja, na marehemu mume wa msusi alikuwa mwongo wa kupindukia. Kila jioni Fundi alipiga simu, na akimaliza la kusema, anakata.

"Wewe mzee, hata 'lala salama' inakushinda?"

"Nilikuwa nimemaliza."

Mambo yaliharibika siku msusi alipotimiza miaka hamsini. Ukumbi ulijaa, muziki ukitetemesha madirisha. Dada yake mkubwa akajizungusha mbele ya Fundi.

"Shemeji, nimependeza?"

"Gauni limekubana mgongoni. Zipu itaachia."

Kabla keki haijakatwa, Fundi akatoweka. Msusi alisimama na kisu mkononi mbele ya kiti kitupu, ndugu zake wakinong'ona. Kesho yake aliwaka kwenye simu.

"Umeniaibisha mbele ya ukoo mzima!"

"Muziki ulikuwa unaniumiza. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi."

"Ngazi! Kati yangu na ngazi, umechagua ngazi?"

Akamkatia, na hakupokea simu zake tena. Wiki kadhaa zikapita, mpaka mchana mmoja akapokea kwa kuchoka tu.

"Binti yangu amenitumia maswali ya kujipima usonji," alisema Fundi. "Alama zangu ziko juu sana."

"Usonji si wa watoto?"

"Watoto hukua. Wameandika kwamba hayo si majibu ya daktari, nimwone mtaalamu."

"Mtu mzima mwenye wajukuu, unatafuta kisingizio kwenye simu!"

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Fundi akapaza sauti.

"Tangu utotoni naitwa jeuri! Mwalimu, mke wangu wa kwanza, sasa wewe. Nikisema ukweli nimekosea, nikinyamaza nimekosea. Nimechoka! Haya maswali ndiyo ya kwanza kuniuliza bila kunitukana."

Akakata. Safari hii msusi alijua kwamba hakuwa amemaliza.

Kwa hasira akayatafuta maswali hayo mwenyewe, ayajibu kwa niaba yake, aone upuuzi wenyewe. Je, kelele zinamwelemea? Je, watu humwona hana adabu wakati yeye hajui amekosea wapi? Akaendelea kujibu, na hasira ikaanza kukosa pa kushika. Visa vyote alivyodhani Fundi anamfanyia yeye, viliulizwa pale na watu wasiomjua yeye wala Fundi.

"Sasa mbona hukusema, mtu wewe!" akaifokea simu, mteja aliyesubiri kusukwa akashtuka kitini.

Alimfuata kazini. Fundi alikuwa chumba cha mitambo, ghorofa ya juu kabisa, na lifti bila shaka ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Msusi akapanda ngazi akilaani, akafika jasho linamtiririka, viatu virefu mkononi.

"Bado nimekukasirikia," alisema akihema.

"Sawa."

"Usonji au si usonji, ukitaka kuondoka, niambie. Ukishindwa kusema, nishike mkono."

"Mkono upi?"

"Mungu wangu! Wowote!"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Namwogopa huyo mtaalamu. Akisema ndiyo, basi mwalimu alinichapa bure miaka yote. Akisema hapana, basi alikuwa na haki."

Msusi akasahau hasira. "Alikuchapa bure, roho yangu. Akisema ndiyo, akisema hapana, ulichapwa bure. Nitakwenda nawe."

"Mapokezi watauliza wewe ni nani wangu. Ningependa kusema mke wangu. Lakini utakuwa uongo."

"Basi si uniulize!"

"Nilidhani nimeuliza."

"Hujauliza!"

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo! Ndiyo, jamani, ndiyo!"

Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainama kuokota bisibisi yake. Msusi akabaki amesimama peku katikati ya chumba.

"Haya, nikumbatie basi!"

"Nina grisi mikononi. Blauzi yako ni nyeupe."

"Nimeiona, nimeivaa mwenyewe! Nikumbatie!"

Akamkumbatia kwa nguvu, bila kumpapasa wala kumpigapiga mgongoni, akatulia hivyo hivyo. Alipomwachia, viganja viwili vyeusi vilikuwa vimechorwa mgongoni kwa msusi, naye akashuka ngazi zote zile akiwa amevibeba, akigomba njia nzima.