Zamu ya Iisakki

Kabla hakujapambazuka, Saimi alisikia mlango wa tanuri ukifunguliwa kule chini, kuni zikitupwa ndani, kisha mlango ukabamizwa. Akavuta blanketi, akageukia ukutani. Tangu aolewe, kelele hizo zilikuwa zikimwamsha kila msimu wa baridi, na hazikumshtua. Kilichomshtua ni kwamba Oiva, mumewe, alikuwa amelala palepale ubavuni mwake, na tanuri lenyewe walikwisha kuliondoa mwezi wa tisa.

Tuseme ukweli, lile tanuri lilikuwa limewachosha. Baridi ya Kainuu, huku kaskazini, haina adabu, na ukisahau kutia kuni asubuhi moja tu, jioni maji yameganda kwenye mabomba. Kila mwaka ilikuwa kupasua kuni, kuzipanga, kukwangua masizi, kupanda paani kusugua dohani. Mgongo wa Oiva ulikwisha, magoti ya Saimi yakafuata. Mwishowe Saimi alimwambia mumewe kuwa yeye hakuolewa na tanuri. Wakanunua mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto, inayoning'inia ukutani, inanguruma kidogo, haidai kuni wala haimwamshi mtu.

Kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajaja kulichukua, Oiva alilisafisha. Alizoa majivu yote, akaingiza kichwa ndani na brashi, akaliosha kwa sabuni hadi likang'aa. Saimi alimcheka, akamuuliza kama analiozesha. Oiva akajibu kuwa hataki watu waseme nyumba ya babu yake Iisakki inatoa uchafu. Watu wa huku ndivyo walivyo, hata akija mtu wa kufanya usafi, wao hufagia kwanza wasije wakaaibika. Majivu akayamwaga kwenye shamba la viazi, mvua ikayanyeshea.

Zile kelele zikarudi kila asubuhi, na sasa zikaja na harufu ya moshi katika nyumba isiyo na moto. Saimi alifikiri ni uchovu, maana uchovu wa miaka haukwishi kwa kununua mashine. Kisha mikono ya Oiva ikaanza kupoa. Nyumba ina joto, yeye anatetemeka. Amevaa sweta mbili, midomo ya buluu. Daktari wa zahanati alimpima, hakuona ugonjwa, akamwambia avae sufu. Oiva alizaliwa ndani ya sufu.

Alasiri moja, giza la mwezi wa kumi na moja likiwa limekwisha kushuka, Saimi aliteremka chumba cha chini kuchukua viazi, na alipofika ngazi ya mwisho akasikia pumzi ya mtu anayefanya kazi nzito, akadhani ni Oiva, akataka kumgombeza, lakini pale tanuri lilipokuwa palikuwa na mgongo uliopinda, mgongo wa mzee asiyemjua, ukiinama na kuinuka, ukitupa kuni zisizokuwepo ndani ya tanuri lisilokuwepo, na kila ulipoinuka mzee alifikicha viganja na kuvipuliza kwa kukosa joto, hadi yule mzee akakata tamaa, akageuka, akapita karibu na Saimi bila kumtazama, baridi yake ikamkata Saimi mashavu, akapanda ngazi taratibu kuelekea chumba cha kulala, na huko juu Oiva akaguna kama mtu aliyevuliwa nguo kwenye theluji.

Saimi alienda kumwita Hilma, mganga wa kijiji aumikaye watu kwa pembe, ambaye watu humwendea kimyakimya daktari akishashindwa. Hilma alishika kiganja cha Oiva, akakiachia upesi.

"Nani aliwasha moto wa kwanza kwenye nyumba hii?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Babu yangu, Iisakki," Oiva akasema. "Ndiye aliyeijenga."

"Basi ndiye mlinzi wake. Moto ukihamishwa, mlinzi huhama na makaa yake. Ya huyu mlihamishia wapi?"

Oiva akasema aliyamwaga shambani pamoja na majivu. Saimi akauliza, si kuna moto wa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke uani, kwa nini asiende huko?

"Sauna ina jini lake. Hawapangishani vyumba." Hilma akakaa. "Mzee hana ubaya. Ana baridi tu, na damu ya mjukuu wake ndiyo joto pekee analolijua humu. Ataliota mpaka liishe."

"Tufanyeje, mama?" Saimi akanong'ona.

"Moto mpya, palepale. Lakini makaa yake hayapo, kwa hiyo yeye hawezi kuuhamia, ataondoka tu. Atakayewasha kiberiti ndiye atakayeshika zamu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu mwingine amwondoe. Kufa hakumwondoi."

Oiva akasema atawasha yeye, huyo ni babu yake. Akajaribu kuchukua kiberiti mezani, njiti zikamwagika, vidole havikunjiki. Saimi alimtazama, akamwonea huruma, na papo hapo akamkasirikia, yeye na usafi wake. Alikuwa amechoka mno. Mwaka huu alitaka kukaa tu, afume soksi, anywe kahawa ikiwa bado ya moto. Lakini alimpenda huyo mumewe mzee asiye na akili.

"Acha," akamwambia. "Utajichoma bure."

Hilma alitoa jiko kuukuu la chuma stoo kwake, wakaliburuta hadi chini na kuliunganisha na dohani. Saimi akawasha njiti. Moto uliposhika, wakasikia mtu akishusha pumzi ndefu, kama anayerudi kutoka msituni na kuvua buti zake. Hatua zikapanda ngazi. Mlango wa nje ukafunguka, ukafungwa.

"Amekwenda," Hilma akasema. "Maskini, alikuwa hoi."

Jioni hiyo Oiva alikula bakuli mbili za supu ya njegere, mashavu mekundu, akalalamika kuwa chumba kina joto. Saimi alilia kwa furaha, akazima taa, akalala.

Alipozinduka alikuwa chini, mbele ya jiko, anatia kuni. Hakukumbuka kushuka. Akaona miale inatosha, akataka kupanda akajinyooshe kidogo, lakini miguu haikusogea. Juu kitanda kikalia, na sauti ya Oiva, iliyopona, ikasema kwa upole:

"Lala, bibi wee. Leo nitakuchemshia kahawa mimi."

Kisha Saimi akajisikia mwenyewe, huko juu, akikoroma. Moto ulianza kupungua. Akainama, akachukua gogo jingine.