Faili la Barua za Wakili

Kompyuta haikuvunjwa, droo hazikupekuliwa, na dirisha lilikuwa na komeo lake kama kawaida. Kilichoibwa ni faili moja tu. Lakini ndani ya faili hilo ndimo zilimokuwa barua pepe zote za wakili.

Inspekta alisimama nyuma ya kiti akitazama kioo cha kompyuta. Programu ya barua ilikuwa imefunguka, nyeupe tupu, na katikati pana kisanduku chenye maneno: faili la data halipatikani. Alikuwa mtu mnene, wa kusema taratibu, na vijana wa kituoni walimwita Kobe akiwapa mgongo. Alijua, wala jina hilo halikumkera.

Wakili alikuwa mama mtu mzima, koti jeusi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alieleza kwamba mchana alitoka kwenda masjala ya mahakama, na aliporudi akakuta hali ndiyo hiyo. Kesho kutwa alikuwa na kesi ya seremala aliyekatwa mkono na msumeno wa kiwanda cha mbao. Meneja wa kiwanda aliwahi kumwandikia barua pepe, kabla hajapata wa kumfunga mdomo, akikiri kwamba kinga ya msumeno iling'olewa ili kazi iende mbio. Sasa kiwanda kinasema seremala alijikata kwa uzembe wake. Bila barua zile, neno la kiwanda ndilo litakalosimama.

"Hazikuchapishwa?" Inspekta aliuliza.

"Nilikuwa nizichapishe leo."

"Na nakala nyingine?"

"Hakuna, afande. Programu yangu ya zamani. Ikishachota barua kule mtandaoni, kule haiachi kitu. Zote zinaingia kwenye faili lile lile."

Alijibu akiwa ameinamia meza, kama mwanafunzi anayesomewa makosa yake.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyotengwa kwa kioo, na kijichumba cha majalada pembeni. Chumba cha ndani cha wakili, cha nje cha binti yake, kitindamimba, aliyefanya ukarani, kupokea wageni na kumsaidia mama yake mambo ya kompyuta. Wa tatu alikuwa mfagiaji, mwanamke mwembamba mwenye funguo zote. Kwenye benchi la mapokezi alikaa seremala mwenyewe, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuja kuelekezwa namna ya kutoa ushahidi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Kila mlango ukifunguliwa aliinuka kidogo, akidhani ameitwa, kisha akarudi kukaa.

Inspekta aliwaza upande mmoja tu: kiwanda kimemnunua mtu. Na mtu rahisi wa kununuliwa, kwa mawazo yake ya haraka, alikuwa mwenye ufagio. Mfagiaji alikubali kwamba mchana alibaki ofisini peke yake kwa muda, binti wa wakili alipotoka kununua maji. Inspekta akaamuru mikoba ipekuliwe.

Askari alianza na mkoba wa binti. Aliufungua, akachungulia, akaufunga upesi na kusema samahani dada. Mkoba wa mfagiaji aliumwaga wote juu ya meza ya mapokezi. Kikatoka kitambaa cha kichwa, kandambili, bakuli lenye makoko ya chakula, na nguo ya ndani ya kubadilisha iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Askari akaikunjua. Alisema flashi ni kidude kidogo, hukaa popote.

Seremala aligeuza uso ukutani. Binti wa wakili alikwenda kusimama dirishani.

Mfagiaji hakulia. Alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, nguo ile akaitia mwisho, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi ile kompyuta naifuta vumbi tu, baba. Kilichomo ndani mnakijua nyinyi."

Hakikupatikana kitu. Inspekta alitia mikono mifukoni na kujifanya anasoma tangazo la bima lililobandikwa mlangoni.

Fundi kompyuta wa polisi alifika na kasha lake. Alipuliza unga kwenye kibodi akatoa alama za vidole: za wakili na za bintiye, basi. Halikuwa jambo la ajabu, maana binti alizoea kumsaidia mama yake. Kisha akapekua ndani ya mtambo, akamweleza Inspekta pembeni kwamba neno la siri halikukosewa hata mara moja. Faili la barua halikai juu juu. Limejificha folda ndani ya folda, na programu ikiwa wazi halikubali kuondolewa. Aliyelichukua alijua lilipo, akaifunga programu kwanza, akalihamisha lenyewe tu.

"Mgeni angefanyaje?" Inspekta aliuliza.

"Mgeni angebeba kompyuta, afande."

Inspekta alirudi chumba cha ndani, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na wakili. Akamwomba ampe siku yake tangu asubuhi, bila kuruka. Wakili akaeleza: alifika, akawasha mtambo, akaandika maombi ya shahidi, akaongea kwenye simu. Maelezo yalikuwa safi, ya mtu aliyezoea mahakama, ila yalikuwa na shimo. Mtu mwenye kesi kesho kutwa hushika ushahidi wake kwanza.

"Mama wakili. Barua za kiwanda ulizitazama mara ya mwisho lini?"

"Jana."

"Leo asubuhi?"

Wakili alichukua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya koti. Aliifuta mpaka Inspekta akaona haya kumtazama.

"Leo asubuhi hazikuwapo," alisema mwishowe. "Barua nyingine zilikuwapo. Hizo tu ndizo sikuziona."

"Kabla faili halijaibwa?"

"Kabla."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Kwa sababu nilidhani nimezipoteza mwenyewe. Siku hizi nasahau, afande. Naweka kitu, nakitafuta, nakikuta kwenye friji. Nilikaa hapa asubuhi nzima nikitafuta kimoyomoyo. Ningemwambia nani? Yule kijana pale nje ameniletea mkono wake uliobaki, nimwambie nimesahau nilipoweka kesi yako?"

Inspekta akamwuliza barua hizo alizoea kuziweka wapi. Wakili akasogeza kiti, sauti ikashuka. Aliziweka kwenye folda ya Takataka. Alikuwa ameonyeshwa zamani namna ya kutengeneza folda za kesi, akasahau. Akaonyeshwa tena, akasahau tena. Mara ya tatu aliona aibu kuuliza. Ndipo akagundua kwamba akibonyeza kitufe kimoja barua inaondoka mbele ya macho yake na kwenda kukaa Takataka, salama, kwa mpangilio wa tarehe. Basi kila barua ya maana akawa anaitupa huko. Miaka miwili haikumletea shida.

"Binti yako anajua?"

"Hajui. Ningemwambiaje?"

Inspekta aligeuka. Kupitia kioo aliiona meza ya binti. Kutoka pale, mtu akikaa kwenye kiti chake, huona vizuri kabisa wakili anatafuta wapi.

Kobe akaanza kutembea. Kulikuwa na kupotea mara mbili. Kwanza zilipotea barua za Takataka, na siku ya pili likapotea faili zima. Mtu wa kiwanda akishazifuta barua anazozitaka, kazi yake imekwisha. Hana haja ya kurudi mchana kubeba faili lisilo na kitu chake. Anayerudi ni yule anayetaka watu wasijue barua zilifutwa jana, na nani alikuwa hapa jana.

Alimwita binti kwenye chumba kidogo cha majalada. Akamwonya kwamba halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Binti alikaa, mkoba mapajani, ameukumbatia.

"Jana nani alikuwa wa mwisho kutoka?"

"Mimi."

"Mama yako alikuwa wapi?"

"Alishashuka ngazi."

"Uligusa kompyuta yake?"

"Huwa naizima."

"Jana uliizima tu?"

Binti alichezea zipu ya mkoba.

"Ulimwaga Takataka yake?"

Binti alifumba macho. "Sikujua anaweka vitu mle. Nani anaweka vitu mle, afande?"

"Kiwanda kimekuahidi nini?"

"Kiwanda?" Alimtazama kama aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Hakuna kiwanda. Bora kingekuwa kiwanda."

Na hapo akasimulia, kichwa chini, akiongea na zipu ya mkoba. Jana mama yake alimwandikia kutoka chumba cha pili, akiuliza tarehe ya kesi ya seremala. Alikuwa amekwisha kumwuliza asubuhi, na mchana. Binti akachoka. Akataka kuipeleka barua ile kwa kaka yake aliye mbali, na yeye aongeze maneno yake juu. Kwa hasira mkono ukabonyeza Jibu. Maneno yakaenda kwa mama yake.

"Maneno gani?"

"Usiniulize hilo."

"Nimekuuliza."

Hakuyataja. Alisema tu kwamba alisubiri mama yake atoke, akakimbia kwenye kompyuta yake, akaikuta barua imekwisha ingia, haijasomwa. Akaifuta. Ikaenda Takataka. Akaona huko nako mama yake anaweza kuikuta, akaamua kuimwaga Takataka yote.

"Programu iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Mtu anafikiri mara mbili kwa ajili ya takataka?"

Leo asubuhi akamwona mama yake kupitia kioo, akipanda na kushuka kwenye folda ile ile, tupu, akivua miwani na kuivaa. Ndipo akaelewa alichofanya. Mchana akaenda kununua maji na flashi, akarudi, akamtuma mfagiaji chini kuchota ndoo ya maji, akalihamisha faili. Alitaka ionekane wizi.

"Flashi iko wapi?"

Alifungua mkoba, akatoa pakiti ya pedi, na katikati yake akachomoa flashi nyeusi. Inspekta akamkumbuka askari wake alivyochungulia na kusema samahani dada.

"Ulisimama dirishani," alisema. "Mwenzako alipomwagiwa nguo zake mezani."

"Najua."

"Hukusema kitu."

"Najua, afande."

Fundi alipoichomeka flashi, faili lilidai neno la siri. Binti alikuwa amelifunga. Fundi akamweleza wakili, aliyekuwa amesimama mlangoni pasipo kuelewa, kwamba wasikate tamaa: programu hii ukifuta barua haifutiki papo hapo. Inafichwa tu isionekane, mpaka siku faili litakapobanwa kupunguza ukubwa. Yeye anaweza kuzifichua.

Binti alimvuta fundi kwenye mkono wa shati. Akamwomba kwa kunong'ona afichue za kiwanda tu, moja aiache. Fundi akamtazama Inspekta.

Inspekta alikuwa na mama, na aliwahi kumsema vibaya. Alitamani kukubali. Lakini faili hilo sasa lilikuwa kielelezo cha ushahidi, na kielelezo kilichochaguliwa barua moja moja kingetupwa nje siku ya kwanza mahakamani. Zote, au hakuna. Na neno la siri lilikuwa kichwani mwa binti.

"Hakuna wa kukulazimisha," alimwambia. "Ukinyamaza, lile neno lako kwa kaka yako linabaki humo milele. Na barua za seremala pia."

Binti alitazama nje kupitia kioo. Seremala aliinuka kidogo kwenye benchi, akidhani ameitwa.

Akavuta kibodi, akaandika mwenyewe.

Barua zilirudi kwa mkupuo, kama maji kwenye bomba lililokauka. Barua ya meneja ikawamo, na kinga ya msumeno ikatajwa humo waziwazi. Juu kabisa, kwa kuwa ndiyo ya mwisho, ilikuwa barua ya binti. Wakili alivaa miwani, akainama.

*Ameuliza tena, mara ya tatu leo. Mama amekwisha, kaka. Nakaa hapa kama yaya wa mtoto mzee. Njoo umchukue, mimi naona aibu hata wateja wakimsikia.*

Aliisoma polepole, labda mara mbili.

"Nilijua ninauliza sana," alisema. "Sikujua ni mara ya tatu."

"Mama, nisamehe."

"Haya maneno ni ya kweli, Kitinda, sina ugomvi nayo. Leo asubuhi uliniona natafuta?"

"Nilikuona."

"Ukajua nadhani kichwa changu ndicho kilichozipoteza?"

"Nilijua."

"Ungeniacha niamini hivyo mpaka lini?"

Binti alisukuma kibodi pembeni.

Wakili akamgeukia Inspekta, akamwambia aandike maelezo yote kama yalivyo; yeye ni mlalamikaji, hawezi tena kuwa mtetezi wa binti yake. Atakuja kituoni kutia sahihi. Aliomba dakika chache tu kabla hawajamchukua.

Inspekta alimwacha askari mlangoni, akatoka. Mfagiaji alikuwa anapiga deki ngazi. Inspekta akamwita mama kwa heshima, akamwambia amemkosea, na kwamba alipaswa kuuliza kabla ya kumwaga. Mfagiaji aliendelea na deki mpaka mwisho wa ngazi ile.

"Kamwambie na yule kijana wa benchi," alisema. "Yeye pia aliona."

Ndani, wakili alikuwa amevuta kiti cha pili mbele ya kompyuta na kukipigapiga kwa kiganja.

"Kaa. Nionyeshe namna ya kutengeneza folda."

Binti alikaa. Akakikimbiza kipanya, mshale ukawa unarukaruka kwenye kioo.

"Taratibu," mama yake alisema. "Na uzoee. Kesho nitakuuliza tena."