Kanuni ya Kupiga Mkeka

Kifungu hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wenzake wa shule ya judo, kwa sababu mtu hakuweza hata kukohoa ukumbini bila kutajiwa kifungu cha kanuni kinachohusika. Yeye ndiye katibu, na kanuni zote aliziandika yeye: kucha zikatwe, pete zivuliwe, mtu asikanyage mkeka kabla ya kuinama na kupewa ruhusa na mwalimu. Ya mwisho ilihusu kusalimu amri: anayepiga mkeka kwa kiganja aachiwe papo hapo. Hiyo ilitungwa mwaka jana, baada ya kinyozi mmoja kukabwa palepale mpaka akafa, akiupiga mkeka huku mwenzake akidhani ni mbwembwe. Kamati ilimpa marehemu dakika moja ya ukimya. Neno "papo hapo" lilipewa kikao kizima.

Jumamosi moja asubuhi Kifungu alikuwa benchini, goti limevimba. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alipita akifunga mkanda.

"Kaka, leo kazi yako ni kununa tu."

"Wewe angalia huo mkono. Una magauni ya watu."

Mwalimu akaamuru kila mtu achukue mwenza. Bila Kifungu, wanafunzi walikuwa idadi ya witiri. Lazima mmoja abaki pembeni.

Hakubaki mtu.

Akatazama tena. Mdogo wake alikuwa ameshikana na mwanamume aliyempa Kifungu kisogo. Kisogo kimechongwa vizuri. Nyayo zina udongo mbichi. Kucha zimepinda kama kulabu.

Kitu cha kwanza kumjia Kifungu kichwani kilikuwa ile kanuni ya kucha.

Mdogo wake akabwagwa chini. Mkono wa kulia ukanaswa, ukanyooshwa. Akapiga mkeka. Akapiga tena. Yule mtu hakuachia.

Kifungu akachechemea hadi ukingoni. Akainama. Akanyoosha mkono kuomba ruhusa. Mwalimu alikuwa amewapa mgongo, anamrekebisha mtu mshiko. Kifungu akasubiri.

Kiwiko kikalia kama kuni kavu. Mfupa ukatoboa sare. Damu ikaruka mpaka benchini.

Ndipo alipoingia. Akamvuta yule mtu kwa kola; ilikuwa baridi, imelowa. Mtu akamwachia mwanamke, akasimama, akageuka. Uso wa zambarau. Ulimi nje. Akainama kwa adabu zote.

Na Kifungu, kwa mazoea, akainama pia.

Hapo kwao, aliyeinama amekubali pambano.

Mkono ukamzunguka shingo. Kitu kikapasuka kooni. Akapiga mkeka. Akapiga. Akapiga. Giza likimfunga macho, akaelewa: kanuni ile ilitungwa baada ya kinyozi kufa. Marehemu hakuwahi kuisoma.

"Simameni," mwalimu akasema, akapiga makofi.

Mkono ukaachia. Wenzake walipogeuka, walimwona Kifungu peke yake, anatema damu. Mdogo wake alikuwa amelala kando, macho darini.

"Nilimpigia mkeka, kaka," alinong'ona. "Nilimpigia."

Mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Magauni yalirudishwa kwa wenyewe yakiwa bado vipandevipande, hayajashonwa.

Siku ya kuosha damu, mwalimu na wanafunzi wawili waliukunja mkeka. Sakafu chini yake ilikuwa kavu, safi. Lakini upande wa chini wa mkeka ulikuwa umejaa alama za viganja vya udongo, kimoja juu ya kingine, ukingo hadi ukingo.

Mwalimu akagusa kimoja. Kilikuwa bado kibichi.