Kabureta Saba

Kila siku baada ya masomo, Kipaza alipitia gereji ya baba yake. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu sauti ya msichana huyo ilikuwa ikitangulia kufika, yeye akafuata. Kazi yake ilikuwa kutafuta vipuri. Uwanja wa vipuri uliozunguka gereji ulikuwa na vibanda karibu mia, bila orodha wala msimamizi. Kila muuzaji alijua makorokoro yake tu. Desturi ilikuwa moja: anayeulizwa kwanza, akiwa na kipuri, yeye ndiye anayeuza. Hakuna kumpora mteja wake.

Siku hiyo baba alihitaji kabureta ya pikipiki.

"Anza na jirani," alimwambia. "Kama hana, mwulize nani anayo."

"Sawa, baba."

Lakini Kipaza alikuwa na hamu ya kuwahi kuruka kamba na wenzake. Alipita mbio kwenye vibanda, na kila alipofika alisema, "Tunataka kabureta gerejini! Nimekuuliza wewe wa kwanza!" Aliwadanganya watu wapatao thelathini, tena bila haya.

Kabla hajaenda kuruka kamba, wakafika gerejini wauzaji saba, kila mmoja na kabureta mkononi.

"Mimi ndiye wa kwanza!" alifoka Bwana Betri.

"Wa kwanza wa wapi? Mimi niliambiwa wewe ukiwa bado unapiga miayo!" alijibu Mama Tairi.

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Bwana Betri alimsukuma muuza minyororo, naye akamrudishia ngumi ya mdomo. Jino likaruka. Kufumba na kufumbua wote walikuwa wamevaana, wakipigana kwa mateke, vyuma na mikanda. Baba aliingia kati kuwaamulia. Spana ya Bwana Betri ikampasua kichwa, akaanguka chini, damu ikimwagika mpaka kwenye kola.

Kipaza alifumbua mdomo apige mayowe. Akasita. Akiwaita wote, si wataongeza vita tu? Aliogopa sana, lakini alikimbia kwa jirani, mzee wa breki.

"Babu, nani ana sanduku la dawa?"

"Mimi sina, mjukuu wangu. Ila mchomeleaji alipoungua, shangazi wa rangi ndiye aliyemfunga. Kimbia kwake."

Shangazi wa rangi alikuwa ameliazimisha. "Liko kwa fundi wa taa, hapo nyuma!"

Fundi wa taa alilibeba sanduku, akafika mbio na kukandamiza jeraha kwa bandeji. Watu watatu tu, na damu ikazuiwa. Wagombanaji walipomwona baba chini, mikono iliwalegea.

"Kosa ni langu," Kipaza alisema, akilia. "Nyote niliwaambia ni wa kwanza. Nilidanganya."

Sauti ilikuwa ndogo mno. Hakuna aliyecheka. Bwana Betri alijifunika uso, kisha akambeba baba mgongoni hadi zahanati.

Jioni, baba alirudi na nyuzi saba kichwani. Kipaza hakuthubutu kumtazama.

"Sogea hapa, mwanangu," baba alisema. "Leo nimepona kwa sababu uliuliza kwa ukweli, na kila uliyemwuliza alikumbuka mwenzake. Kesho chukua daftari, umwandike kila anayekusaidia na alichonacho, ili siku nyingine usianze upya. Na kabla ya yote, pita kwa wale thelathini, mmoja mmoja, uwaombe radhi. Njia ya mwongo ni fupi, mama. Yako iliishia kichwani kwangu."