Vidole Vinavyojua Njia

Kila Ijumaa baada ya vipindi, Chiriku alichukua kitambaa akaenda kufuta vumbi chumba cha kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimefunikwa mashuka tangu ziletwe. Walimu walisema mpango wa kuzitumia bado. Chiriku alizitamani mpaka moyo ukamuuma. Nyumbani alichora herufi za kibodi kwenye boksi la viatu, akawa anachapa humo huku mama yake akimtania, "Haya karani, barua yangu imefikia wapi?"

Ijumaa moja uvumilivu ulimshinda. Alibonyeza kitufe cha kompyuta ya kwanza, skrini ikawaka, ikadai neno la siri. Mara akasikia mtu anakuja. Kwa hofu alichomoa waya nyuma ya mashine, akarudisha shuka na kutoka mbio.

Jumatatu mwalimu mkuu aliwaonyesha wazazi chumba hicho. Chiriku aliitwa kufunua mashuka. Mwalimu mkuu akabonyeza kitufe cha ile ya kwanza. Kimya.

"Kama zinaharibika hata kabla hazijatumika," alisema kwa unyonge, "bora nifunge chumba mpaka mwakani."

Chiriku alipima moyoni. Akisema, huenda asiguse kompyuta tena. Akinyamaza, shule nzima itakosa.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Niliiwasha bila ruhusa, nikaogopa, nikachomoa waya wa nyuma."

Mama yake, aliyesimama na wazazi wenzake, aliinamisha uso. Mwalimu mkuu alichomeka waya. Skrini ikawaka.

"Kwa nini uliigusa?"

"Nilitaka kujua kama vidole vyangu vinajua njia."

Mwalimu mkuu aliingiza neno la siri, akafungua ukurasa mtupu na kumvutia kiti. "Hebu tuone."

Chiriku aliandika taratibu, macho kwenye skrini: mama barua yako hii hapa.

Mama yake alicheka huku anafuta machozi.

"Kugusa bila ruhusa ni kosa," alisema mwalimu mkuu, "lakini umelikiri mwenyewe, na mtu mkweli ndiye wa kukabidhiwa vitu vya wote. Kosa letu sisi ni kubwa zaidi. Tulipanga kufuli, mashuka na zamu ya kufuta vumbi. Masomo hatukuyapanga."

Wiki hiyohiyo walimu walikaa, kila darasa likapata kipindi chake cha kompyuta. Mashuka yalifuliwa, yakapelekwa chumba cha wagonjwa.