Fomula Iliyoonekana Kitaji Tu

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Gaudensia alibaki kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, pale Kitaji mjini Musoma, akijibu maswali ya Hisabati. Mwalimu Machage alikuwa amefungua jukwaa mtandaoni ili wanafunzi wa darasa la saba wa Musoma, Bunda na Butiama wasaidiane. Kwenye Hisabati Gaudensia alikuwa moto wa kuotea mbali, naye alilijua hilo kupita kiasi.

Aliyeuliza kuliko wote alikuwa binamu yake, Rhobi, wa Bugwema. Mwalimu wao wa Hisabati alikuwa amehama, kwa hiyo Rhobi alisoma jukwaani kwa simu ya mama yake, kisha akawanakilia wenzake ubaoni. Wafadhili wa kanisa walikuwa wameahidi kumsomesha bweni msichana mmoja wa vijijini atakayeongoza mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani hufanya kwa pamoja. Rhobi aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona. Sekondari ya kata ilikuwa mbali mno, na baba yake alishasema hatamruhusu kwenda huko kwa miguu.

Mtihani ulipokaribia, Rhobi aliuliza jinsi ya kutafuta eneo la duara. Gaudensia akabofya kitufe cha fomula, akaandika pai mara r, na juu ya r akaweka ile mbili ndogo ya kipeo. Kwenye kompyuta fomula ilitokea safi kabisa.

"Dada Gau, huku mbili imekaa sawa na r," Rhobi akaandika. "Ni mara mbili au? Sisi tunasomaga kwa kuokoa bando, vingine havifunguki."

"Kwangu inaonekana vizuri," Gaudensia akajibu. "Hiyo simu mmerithi kwa babu? Nakili unavyoona."

Enoka wa Bunda na wengine wakajaza vicheko chini yake. Rhobi hakuuliza tena. Alinakili alivyoona.

Swali la duara lilitoka. Nusukipenyo ilikuwa sentimita saba, na jibu ni 154. Rhobi na darasa lake zima waliandika 44, maana walizidisha saba kwa mbili badala ya saba kwa saba. Kwa swali hilo moja, nafasi ya bweni ikaenda kwa msichana wa kijiji kingine.

Mwalimu Machage alimwita Gaudensia ofisini. Hakufoka, afadhali angefoka. Aliiweka simu yake kwenye hali ya kuokoa bando, akafungua jukwaa, akampa.

"Soma."

Mbili ilikuwa imeshuka, imekaa kando ya r, kubwa kama herufi yenyewe.

"Mwalimu, mimi niliandika sahihi."

"Uliandika sahihi, ndiyo. Kwenye hali hii fomula haichorwi. Hilo ni kosa la mtambo, na dawa yake ni kuandika kwa maneno. Lako ni lipi?"

"Aliniambia," Gaudensia akasema kwa sauti ya chini. "Nikamcheka."

Akafuta, akaandika upya: "Eneo ni pai mara r mara r." Akaangalia kwenye simu ile ile, safari hii ilisomeka. Kisha akamwomba Rhobi radhi. Jibu lilikuja kesho yake: "Nimeona. Nimewaandikia wenzangu ubaoni. Mimi baba ameshasema nibaki nyumbani."

Gaudensia alimpelekea mwalimu ujumbe huo huku analia.

"Wafadhili hawawezi kumfikiria tena, Mwalimu?"

"Nimewaomba. Wamekataa." Mwalimu Machage hakumbembeleza. "Mtu akikwambia haoni, usimjibu kwamba wewe unaona. Shika simu kama yake, uangalie anachokiangalia. Ukimcheka anayeuliza, ataacha kuuliza, na atakosea bila mtu kujua. Wewe hesabu zako zote ulipata, Gaudensia. Aliyekosa ni yule aliyekuuliza."